Tupeane uzoefu: vifaa vya mwanga vya kuondoa malaika (vinyweleo vya mwilini) nyumbani, vilikufanyia nini ngozini?

Binti Tandika (mwanzisha mada)

Wapendwa, habari zenu. Jambo hili nimekaa nalo tangu mwaka jana, leo nimeamua kulitoa. Kila nikifungua simu nakutana na tangazo la vile vifaa vya mwanga vya kuondolea malaika nyumbani, na kila tangazo mguu ni mweupe. Sijaona hata moja lenye mguu kama wangu. Naomba aliyetumia aeleze kilichomkuta, kiwe kizuri au kibaya, na ataje rangi yake, maana hapo ndipo penye mzizi wa mambo yote haya.

Naanza mimi. Mimi ni mweusi, siyo maji ya kunde. Malaika ya miguuni ninayo mengi tangu nasoma sekondari. Nikiyanyoa kwa wembe Jumamosi, Jumanne yanachoma kama brashi na vipele vimeshatoka. Wifi yangu alikuja likizo kutoka Uingereza akiwa na kifaa chake. Kina kijicho kidogo kinachopima rangi ya ngozi kabla ya kupiga. Akakiweka kwenye mguu wangu, kikawasha taa nyekundu na kugoma. Tukahamia paja, kikagoma. Tukajaribu upande wa ndani wa mkono, palipo peupe kidogo, kikapiga mara moja, mara ya pili kikagoma tena. Wifi akasema, "Wifi, hiki siyo chako, achana nacho." Nilijisikia vibaya sana, nikaona kama nimebaguliwa na mashine.

Basi nikaagiza cha kwangu mtandaoni, cha bei rahisi. Hakikuwa na kijicho. Kilikubali kila mahali. Nikafurahi. Nikaanza na kiwango cha mwisho ili nimalize haraka, mguu wa kulia, kuanzia kwenye kifundo nikipanda juu. Kila pigo mwanga mweupe unamulika chumba kizima, unasikia kama mpira wa kufungia pesa umekurukia, halafu inakuja harufu ya kuku anayebabuliwa. Nilidhani hiyo harufu ndiyo kazi yenyewe inafanyika. Nikavumilia hadi gotini.

Baada ya saa moja mguu ulikuwa unawaka kama umepakwa pilipili. Asubuhi nikakuta mistatili. Kile kidirisha cha kifaa kina umbo la mstatili, na kila mahali kilipopiga kilijichora, kimoja baada ya kingine, kama vigae vya bafuni. Mitatu ilikuwa na malengelenge. Yalipokauka, mistatili ikawa myeusi kuliko mimi mwenyewe. Hiyo ilikuwa Juni. Mpaka Februari ukinishika mguu kwenye mwanga wa dirishani ungeihesabu. Nimevaa magauni marefu miezi minane, na Dar mnaijua kwa joto lake.

Daktari wa ngozi niliyemwendea hakunigombeza. Alinieleza kitu ambacho laiti ningekijua mapema: mwanga ule haujui unywele ni nini. Unachotafuta ni weusi. Ukikutana na weusi unageuka joto. Kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi, weusi uko kwenye shina la unywele tu, kwa hiyo joto linaenda huko. Kwangu mimi weusi unaanzia juu kabisa, kwenye ngozi, na mwanga unaishia hapo hapo kabla haujafika kwenye shina. Kile kifaa cha wifi kiligoma kwa kuwa kiliiona rangi yangu. Cha kwangu kilikubali kwa kuwa hakikuwa na jicho la kuniona.

Haya, karibuni.

Mama Wawili, Mombasa

Pole sana mwenzangu. Mimi ni maji ya kunde, na kifaa changu kilikuwa kile cha kupima rangi, tena kizuri, kikanikubali kwa kiwango cha chini. Sikuungua hata siku moja. Langu ni jengine.

Baada ya kuzaa mtoto wa pili niliota nywele kidevuni, ngumu, nyeusi. Nilikuwa nikizing'oa kwa kibanio kila asubuhi kabla mume wangu hajaamka. Nikaanza kutumia mwanga, mara moja kwa wiki, kidevuni tu. Mwezi wa kwanza zikapungua, nikamshukuru Mungu. Mwezi wa tatu nikiwa mbele ya kioo nikaona kitu kwenye mashavu na chini ya taya, mahali ambapo sikuwahi kuwa na unywele maishani mwangu. Laini mwanzo, kisha nyeusi. Kila nikizidisha mwanga ndivyo zilivyozidi kuja. Nilidhani nawehuka.

Nilipokwenda hospitali nikaambiwa jambo hili linajulikana. Mwanga usiotosha kuua shina huweza kuliamsha, na pembeni mwa mahali panapopigwa nywele zilizokuwa zimelala zikaamka na kunenepa. Huwapata zaidi watu wa rangi zetu hizi za kati na za giza, usoni na shingoni hasa, na mwenye shida ya homoni ndiye zaidi. Wakanipima, nikakutwa na tatizo la homoni na mayai ambalo huandamana na hedhi kupishana na nywele za kidevu. Miaka yote hiyo hedhi yangu ilikuwa haina tarehe na sikuwahi kuuliza.

Kwa hivyo dada yangu unayesoma, ukiota ndevu ghafla, au zinaongezeka na hedhi haieleweki, usikimbilie kifaa. Kapimwe kwanza. Mimi nilipoteza mwaka mzima nikipiga mwanga juu ya ugonjwa.

Muuguzi wa Usiku

Nimesoma zote mbili na nimeumia, hasa ile ya malengelenge. Acheni niseme ya kwangu, siyo kama mgonjwa bali kama niliyewapokea wagonjwa.

Mwaka huu nimehudumia dada wawili waliojiunguza kwa vifaa hivi. Wote walikuja siku ya pili, na wote walikuwa wameshapaka dawa ya meno. Mmoja alikuwa ameongeza ute wa yai juu yake. Nilitumia muda mrefu kuosha ile dawa ya meno iliyogandana na malengelenge kuliko kutibu chenyewe kidonda. Naombeni: ukiungua, fungua bomba, maji ya kawaida yapite juu ya ngozi dakika 20. Siyo barafu. Usipake siagi, usipake asali ya kununua barabarani, usitumbue lengelenge. Funika na kitambaa safi. Likiwa kubwa, likitoa usaha, au likiwa usoni au sehemu za siri, njoo hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo la pili ni la doa linalobaki. Ngozi yetu ikiumia hujibu kwa kumwaga weusi zaidi pale palipoumia. Ndiyo sababu mweupe akiungua kidogo anakuwa mwekundu wiki moja imekwisha, na sisi tunabaki na doa miezi. Linaisha lenyewe mara nyingi, lakini linataka subira na kujikinga na jua. Wengi hawana subira, wanakwenda kununua mkorogo wa kufuta doa. Hapo ndipo nalia kabisa, kwa sababu ngozi iliyoungua ukiipaka krimu yenye zebaki au steroidi umeongeza jeraha juu ya jeraha. Mwingine niliyemhudumia alifanya kinyume chake: alipaka mkorogo kwanza wiki kadhaa ili mashine imkubali. Mashine ikamkubali. Ngozi yake ilikuwa imekonda kama karatasi.

Mtaona kwenye vijitabu vya vifaa hivi picha za rangi sita za ngozi. Mpangilio huo ulianzishwa na daktari wa Marekani, Thomas Fitzpatrick, mwaka 1975, na mwanzoni ulikuwa na aina nne tu, zote za watu weupe. Ya tano na ya sita, yaani sisi, tuliongezwa baadaye. Vifaa vingi vya nyumbani vya mwanga mchanganyiko, yaani wa mawimbi mengi kwa pamoja tofauti na leza, vinaishia ya nne au ya tano. Ya sita imewekewa msalaba. Ule msalaba usiuone kama dharau.

Na macho, jamani. Usikikaribishe kwenye nyusi hata kidogo. Ndani ya jicho kuna weusi vilevile, na mwanga hauchagui.

Kinyozi wa Mwanza

Samahani dada zangu, naingia kama mwanaume, maana hili linatuhusu pia. Mimi ni kinyozi. Mteja wangu mmoja, tena rafiki, anasumbuliwa na vipele vya ndevu shingoni. Nywele zetu zimejikunja, ukizikata karibu sana ncha inarudi kuingia kwenye ngozi, kinatoka kipele chenye usaha, baadaye doa. Alichukua kifaa cha mke wake akapiga shingo nzima.

Nywele za ndevu ni nene na zimesongamana. Joto linalokusanyika pale siyo la malaika ya mkononi. Alikuja kwangu wiki iliyofuata nimnyoe, nikakataa. Shingo ilikuwa imebabuka na vipele vimekaa juu ya mbabuko. Vilipopona viwili vikabaki vimevimba, vikawa makovu magumu yanayong'aa, yanawasha hadi leo. Kwao makovu ya kuvimba ni ya ukoo, mama yake anayo sikioni alipotobolewa. Hakulifikiria hilo kabla.

Baadaye alikwenda kliniki ya ngozi Nairobi, akaambiwa ipo leza inayofaa ngozi nyeusi, ya mawimbi marefu ya nanomita 1064, ambayo inapita juu bila kukamatwa sana na weusi wa ngozi na kwenda chini kwenye shina. Ila hiyo inaendeshwa na mtu aliyesomea, yenye kupoozwa, siyo ya kushika sebuleni. Amekwenda mara nne na vipele vimepungua kweli. Bei siyo ya kila mtu, nasema ukweli.

Niko Muscat

Mie nitasema la upande wa pili ili tuwe na haki. Nina asili ya Unguja, rangi yangu ni nyeupe kiasi, nywele nyeusi tii. Huku Oman wanawake wengi wanatumia halawa ya sukari, ile ya kunata ya kung'olea malaika, nami nilikuwa nao miaka, hadi nilipochoka maumivu. Nikanunua kifaa kizuri, nikakisoma kijitabu chote, nikanyoa kwa wembe siku moja kabla. (Msing'oe wala kupaka nta kabla, kwa sababu ukishang'oa shina hakuna weusi wa kuongoza mwanga.) Kila wiki mbili, miguu. Mwezi wa tatu malaika yamebaki machache, laini, napitisha wembe mara moja kwa mwezi. Niliacha nusu mwaka, yakaanza kurudi taratibu. Kwa hiyo kinapunguza, hakimalizi. Anayekuambia ni milele anakudanganya.

Lakini na mie niliungua, mara mbili. Ya kwanza nilikwenda ufukweni Qurum Ijumaa, Jumamosi nikapiga mwanga. Jua lilikuwa limeshanitia weusi bila mimi kuona. Ngozi ya juani siyo ile ya wiki iliyopita, hata kama ni mguu ule ule.

Ya pili ndiyo naona aibu kuisema, ila nitaisema kwa faida. Sisi Waislamu kwapa na sehemu za siri tunaambiwa zisipite siku 40 bila kunyolewa. Nikaona nipunguze kazi. Nikatumia kiwango kile kile cha miguuni. Subhanallah. Ngozi ya huko ni nyeusi kuliko ya miguu hata kwa mtu mweupe, na kwapani hivyo hivyo. Niliweka kijicho kwenye paja, kikasoma paja, mie nikapiga pengine. Sikuweza kuvaa nguo ya ndani siku tatu. Kila mahali papimwe pake.

Doksi

Langu fupi. Nilikuwa natumia doxycycline ya chunusi, nimeandikiwa miezi mitatu. Hakuna aliyeniambia kuwa dawa hii inaifanya ngozi ishindwe kuvumilia mwanga. Nilipiga mikono kwa kiwango nilichokuwa nakitumia siku zote salama, na mikono ikavimba yote na kuwasha. Nilikuja kuona kwenye kijitabu, herufi ndogo kabisa, kuwa mwenye kutumia dawa za aina hiyo asitumie. Vidonge vya chunusi vya isotretinoini navyo vipo kwenye orodha hiyo. Soma kijitabu hadi nyuma, na kama hakina kijitabu cha kueleweka, jiulize kwa nini.

Binti Tandika

Asanteni sana. Mama Wawili, naomba uendelee na matibabu, usikate tamaa. Muuguzi, mimi dawa ya meno niliipaka pia, usiku ule ule. Niliona haya kuandika.

Biharusi wa Jang'ombe

Assalaam alaykum. Nimesoma kuanzia juu hadi hapa na moyo unanidunda. Harusi yangu ni wiki tatu zijazo, inshaallah. Dada yangu aliyeko Dubai ameniletea kifaa, kina kijicho, na mimi ni maji ya kunde iliyokolea. Nimekiweka mguuni kimekubali, kiwango cha kwanza na cha pili. Sijapiga bado. Nilikuwa nataka nianze leo ili siku ya harusi niwe laini mwili mzima. Na hina nitapakwa siku mbili kabla. Nifanyeje?

Bi Somo

Waalaykum salaam mwanangu, na hongera, Mungu akutangulizie kheri. Mimi nimewaweka ndani biharusi wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na hivi karibuni wamekuja watatu waliotaka mashine. Nitakuambia nilichoona kwao.

Wiki tatu hazitoshi. Nywele za mwili hazikui zote pamoja, nyengine zinaota, nyengine zimelala, na mwanga unaikamata ile inayoota tu. Ndiyo maana wenzio hapo juu wanasema miezi mitatu. Ukianza leo, siku ya harusi utakuwa na nusu mguu umepungua na nusu vile vile, na ikitokea kuungua ndio doa liko katikati ya kupona. Biharusi mmoja alikuja kwangu na kwapa limebabuka siku nne kabla ya kuingia. Siwezi kumpitishia sukari juu ya kidonda, siwezi kumsugua singo, yaani vile viungo vya kusugulia mwili. Tulimwacha hivyo hivyo, akalia.

Na hina, mwanangu, na piko hasa, ile rangi nyeusi ya kuchorea: mahali penye hina ni peusi, mwanga utapachukua kama unavyochukua unywele. Usipige juu yake mpaka ifutike yote. Vile vile kitone cha kuzaliwa nacho, usipige juu yake.

Kama moyo wako umeng'ang'ania, piga pigo moja tu, kiwango cha kwanza, nyuma ya mguu ambako bwana harusi hatoangalia mwanzo. Kisha ukae siku mbili. Siyo saa mbili. Ngozi yetu husema kesho yake.

Muuguzi wa Usiku

Nakubaliana na Bi Somo kwa kila neno, shikamoo mama. Naongeza kwa biharusi: kama kuna uwezekano wowote wa ujauzito sasa au baada ya harusi, kijitabu kitakuambia usitumie, na homoni za ujauzito peke yake zinatosha kuleta madoa usoni. Na sukari nayo inaunguza ikiwa ya moto, mama anajua.

Bi Somo

Marahaba mwanangu. Najua. Naipoza hadi inashikika kwa kidole, na kwanza naijaribu kwenye kiganja changu mwenyewe.

Binti Tandika

Biharusi, chonde, uturudie utuambie.

Biharusi wa Jang'ombe

Nimerudi, ni siku ya tatu leo. Nilipiga pigo moja, nyuma ya mguu wa kushoto, kiwango cha kwanza kama alivyosema bibi. Lilikuwa kama kugongwa na ukucha, si maumivu ya kusema. Usiku sikuona kitu. Nikasema hawa wananitisha bure. Jana asubuhi nikioga, sabuni ikaniwasha mahali pale pale. Nikamwita mdogo wangu aangalie kwa tochi ya simu. Mstatili. Mwembamba, kingo zake zimenyooka, rangi ya kahawa juu ya ngozi yangu. Leo umekolea zaidi kuliko jana.

Nimemwonyesha mama. Kifaa nimekirudisha kwenye boksi lake na dada nimemwambia ukweli, hakukasirika. Bi Somo, mama amesema atakupigia usiku wa leo. Ndimu tunazo, sukari tutanunua kilo mbili. Ameuliza kama Jumatatu sukari, Jumanne singo, Jumatano hina itakufaa.

Bi Somo

Itanifaa. Ule mguu wa kushoto usiupake chochote, nitauzunguka.